Kufunga Keria kwenye Gari la Zamani Bila Kuharibu Paa: Mwongozo Kamili kwa Wenye Magari wa Mtwara na Lindi

Kila msimu wa korosho unapokaribia huwa ninaletewa malalamiko yale yale: keria imeanza kucheza kabla gari halijafika Mnazi Mmoja ya Lindi, mlango wa nyuma haufungi tena sawasawa, au mvua ya kwanza ya Desemba imeingia ndani kupitia tundu la bolti. Nimekagua magari kadhaa yenye matatizo hayo, likiwamo langu mwenyewe, na karibu yote yana kosa moja: uzito wa keria umewekwa juu ya bati la paa, ilhali bati hilo halikuundwa kubeba chochote zaidi ya mvua na jua.

Mahali panapostahili kubeba keria ni mfereji mwembamba unaopita pembezoni mwa paa, juu ya milango, ambao mafundi wengi huuita gata. Hapo ndipo bati la paa na bati la ubavu hukutana, hivyo pana nguvu kuliko sehemu nyingine yoyote ya juu, na nguzo za milango huishia chini yake. Mwongozo huu unahusu magari yenye mfereji huo wazi: Land Rover Series II na III zenye paa gumu, Land Cruiser za mfululizo wa 40 na 60, Volkswagen Beetle, Datsun 120Y na mengine ya rika lao. Ikiwa paa la gari lako limeteremka hadi mlangoni bila mfereji, usijaribu njia hii.

Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

Vipimo vifuatavyo ni vya keria ya miguu sita kwa Land Rover ndefu ya inchi 109 (kipimo cha kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma). Kwa gari dogo kama Beetle miguu minne inatosha, na mabomba yatapungua kwa zaidi ya nusu.

Bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, lenye unene wa milimita 1.5: vipande vinne vya mita 6.

Flatibari (chuma bapa) ya upana wa milimita 40 na unene wa milimita 5: mita 3, kwa ajili ya miguu na klampu.

Bolti 12 za M8 (yaani za kipenyo cha milimita 8) zenye alama 8.8 kichwani, ambayo ni kiwango cha uimara wake, zilizopakwa zinki, pamoja na nati za kujifunga (zile zenye duara la plastiki ndani) na washa pana 24.

Mpira mgumu wa ubavu wa tairi, ule unaotengenezewa katambuga. Mpira wa tyubu haufai kwa kazi hii, na sababu yake nitaieleza katika hatua ya 3.

Redi oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), rangi ya mafuta, thina, msasa wa namba 80 na 240, kadibodi, chaki, futi ya kupimia, sumaku ndogo, tupa, bisibisi bapa na spana mbili za namba 13.

Mashine ya kuchomelea na grenda ni vya fundi. Usivinunue kwa kazi ya keria moja.

Kutafuta spea: mahali pa kuanzia

Watu hupoteza muda mwingi wakitafuta keria iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lao hasa, la mwaka wao hasa. Kwa gari la miaka ya 1970 utafutaji huo unaweza kukumaliza, na hauna ulazima, kwa kuwa kinachotakiwa kulingana na gari lako ni miguu tu. Fremu ya juu inaweza kutoka popote.

Kwa miguu, anza na magari ambayo bado yanatumika kwa wingi na yana mfereji wa namna hiyo. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo barabarani tunaiita mkonga, ilianza kuundwa mwaka 1984 na mpaka leo ina mfereji wa paa, kwa hiyo miguu na klampu zake mpya zingali zikitengenezwa. Land Rover Defender ya umbo la zamani iliundwa hadi mwaka 2016, nayo ina mfereji ulio karibu sana na ule wa Series. Kampuni kama Thule ya Sweden na Front Runner ya Afrika Kusini hutengeneza miguu ya mfereji, lakini bei ya kifaa pamoja na usafirishaji huweza kuzidi gharama ya keria nzima iliyochomelewa hapa Mtwara. Mimi ningewaagizia wao miguu tu, tena pale tu ambapo fundi wa karibu ameshindwa.

Kwa spea zilizotumika, bado Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam ndiko kwenye uwezekano mkubwa, na mzigo huletwa kwa basi kama kifurushi. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya mguu ukiwa umewekwa kando ya futi ya kupimia, ili usome mwenyewe urefu wa mguu na upana wa mdomo wa klampu. Maneno "unaingia kwenye Land Rover zote" hayana maana yoyote mpaka uone kipimo.

Hapa nyumbani usidharau Hiace za zamani zilizochakaa. Nyingi zilifanya kazi ya abiria huku zikibeba mizigo juu, na keria zake zimebaki nzima ilhali mabodi yameoza. Ukipata moja, ikague mahali mguu unapopinda, kwa kuwa hapo ndipo ufa huanza. Igonge kwa nyundo ndogo: chuma kizima hutoa mlio mkali, na kilicholiwa na kutu kwa ndani hutoa mlio mzito uliokufa. Jaribu kila nati kwa vidole, na ile inayopanda kwa kupinda uiondoe kwenye hesabu yako.

Hatua ya 1: Kagua mfereji kabla ya kupima chochote

Osha mfereji wote kwa maji baridi na brashi, kisha uukaushe. Magari ya Mtwara mjini, Mikindani na Lindi hupigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima, na mfereji ndiyo sehemu inayoikusanya chumvi hiyo pamoja na vumbi na majani ya miti.

Pitisha ncha ya bisibisi taratibu ndani ya mfereji, kila sentimita tano. Ikizama au ikitoa unga wa kahawia, pana kutu. Kisha pitisha sumaku pembezoni. Kwenye gari la bati la chuma, mahali ambapo sumaku haishiki pamejazwa puti (lipu ya kuzibia bodi) na hapawezi kubeba mguu. Kwenye Land Rover sumaku haitashika paa kabisa, kwa kuwa paa na sehemu kubwa ya bodi yake ni aluminiamu. Hilo si kasoro, ila linabadilisha namna ya kufunga, kama utakavyoona katika hatua ya 3.

Onyo: mfereji uliooza hautengenezwi kwa kuongeza klampu. Tafuta fundi bodi akate na kuunganisha bati jipya kwanza, au uahirishe keria.

Utajua hatua imefaulu ukimwaga kikombe cha maji katikati ya mfereji na yakatoka kwenye ncha zake bila kutuama wala kuingia ndani.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya uzito, kisha upime

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nami nitakaa nayo kidogo. Magari mengi madogo ya zamani yamewekewa kikomo cha kilo 50 hadi 75 juu ya paa, na kikomo hicho hujumuisha keria yenyewe. Soma kitabu cha gari lako ikiwa unacho, na kama huna, chukulia kilo 50.

Bomba la mraba tulilolitaja lina uzito wa kilo 1.1 hivi kwa kila mita. Keria ya urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.3 inahitaji mita 6.6 za fremu ya chini, mita 6.5 za vyuma vitano vya katikati, na ikiwa utaweka ukuta wa juu, mita nyingine 6.6 pamoja na vishikizo vyake. Jumla ni mita 21 hivi, sawa na kilo 23. Ongeza miguu na bolti, nawe utafika karibu kilo 29 kabla ya kuweka hata mkungu mmoja wa ndizi. Kwa gari lenye kikomo cha kilo 75 umebakiwa na kilo 46.

Sasa linganisha na gunia la korosho ghafi, ambalo hukaribia kilo 80. Gunia hilo halipandi juu ya gari la namna hii, hata likiwa moja, na hata kama safari ni ya kutoka Nanyamba hadi mjini tu. Keria ya gari la zamani ni ya magodoro, vikapu, baiskeli, tairi la akiba na mahema. Ukiondoa ukuta wa juu unapunguza karibu kilo 9, na ndiyo maana ninapendelea keria bapa yenye ukingo mfupi upande wa mbele peke yake.

Baada ya hesabu, pima umbali kati ya mfereji wa kulia na wa kushoto katika sehemu tatu: juu ya kioo cha mbele, katikati na nyuma. Usidhani vipimo vitalingana, kwani mapaa mengi huwa membamba kidogo kuelekea upande mmoja. Weka alama za chaki pale miguu itakapokaa, karibu kadiri iwezekanavyo na nguzo za milango. Fungua milango yote kabla ya kuthibitisha alama, kwa kuwa kwenye magari mengi ukingo wa juu wa mlango hupita milimita chache tu kutoka kwenye mfereji.

Hatua ya 3: Tengeneza miguu na klampu

Kata kadibodi mpaka ifuate umbo la mfereji na mteremko wa paa, kisha mpe fundi kadibodi hiyo. Fundi hodari anaweza kukadiria kwa macho, lakini kosa la milimita tatu kwenye mguu mmoja hupinda fremu nzima.

Kila mguu una sehemu mbili. Ya kwanza hukaa ndani ya mfereji na kupokea uzito. Ya pili ni klampu ya nje inayoshika ukingo wa mfereji kutoka chini. Bolti mbili za M8 huzivuta sehemu hizo zikaribiane. Mguu uwe na urefu unaoacha nafasi ya sentimita 5 kati ya bati na chuma cha chini kabisa cha keria, kwa sababu bati hupanda na kushuka gari linapopita kwenye mashimo. Land Rover zenye paa la pili la kuzuia jua zinahitaji mguu mrefu zaidi, uliopinda kutoka nje ili usiguse ukingo wa paa hilo.

Sasa kuhusu mpira. Chuma kinapogusana na aluminiamu mahali penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na huliwa kimyakimya chini ya rangi mpaka siku utakapoona unga mweupe. Kwa hiyo kila mahali mguu unapogusa mfereji pawe na mpira katikati. Mpira wa tyubu ni laini, hubonyea baada ya wiki moja na bolti zikalegea. Mpira wa ubavu wa tairi hubaki na unene wake. Ukate mwembamba kuliko mfereji, ili maji yapate njia ya kupita pembeni yake.

Onyo: ukipewa bomba la kupakwa zinki, mwambie fundi aisugue zinki yote mahali pa kuunganishia na achomelee mahali penye hewa. Moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka jioni ya siku hiyohiyo, na mafundi wengi huidhania malaria.

Hatua ya 4: Chomelea fremu chini, si juu ya gari

Niliwahi kumwachia fundi mmoja gari langu asubuhi, na nilipofika mchana nikamkuta amepanda juu ya paa akichomelea keria palepale. "Mzee wangu, hivi ndivyo inavyokaa sawa," aliniambia kwa upole. Ni kweli ilikaa sawa, lakini cheche zilikuwa zimeacha vidoa kwenye kioo cha mbele ambavyo havikuondoka tena, na bitana ya dari ilikuwa imeungua mahali pawili. Umeme wa kuchomelea unaweza pia kuharibu alteneta, yaani kifaa kinachochaji betri.

Utaratibu ulio salama ni huu. Weka miguu kwenye gari, laza mabomba juu yake, na utie alama za chaki kila mahali yanapokutana. Teremsha kila kitu na uunganishe chini kwa nukta ndogo za kuchomelea. Pandisha fremu ujaribu, kisha uiteremshe kwa ajili ya kuchomelea kikamilifu. Zoezi la kupandisha na kuteremsha huchosha, hivyo uwe na msaidizi.

Ziba ncha zote za mabomba, kisha utoboe tundu la milimita 5 upande wa chini wa kila bomba. Wengine hushauri kuziba tu. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa sijaona bado fremu ya keria isiyo na kitundu mahali fulani, na maji yakishaingia bila njia ya kutokea bomba huoza kwa ndani likiwa linang'aa kwa nje.

Hatua imefaulu ikiwa fremu ikilazwa kwenye sakafu tambarare haichezi kwenye kona yoyote, na mishazari yake miwili ina urefu uleule.

Hatua ya 5: Rangi

Sugua kwa msasa wa 80, futa kwa thina, paka redi oksaidi mara mbili, kisha rangi ya mafuta mara mbili, ukiacha kila tabaka likauke usiku mzima. Paka pia ndani ya matundu ya bolti. Usipake rangi alasiri wakati wa kusi, kwa sababu upepo huo huleta vumbi na chumvi pamoja.

Hatua ya 6: Kufunga

Safisha mfereji tena na upake nta nyembamba. Panga mipira, weka keria juu kwa watu wawili, na uingize bolti zote kwa vidole tu. Usikaze hata moja kabla nyingine zote hazijaingia, kwani mguu wa kwanza ukishabana utailazimisha fremu ifuate upande wake, na miguu ya mwisho itakataa.

Kaza kwa kupishana: mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, kisha ya katikati. Nati ikishashika, ongeza robo mzunguko, uende kwenye inayofuata, na urudie mpaka kingo za mpira zianze kutuna kidogo. Hapo uache. Bolti ya M8 yenye alama 8.8 inaweza kuvumilia kukazwa zaidi, lakini mfereji hauwezi, na ukingo uliokwisha kukunjwa haurudi katika hali yake. Kwa sababu hiyo usiongeze bomba kwenye spana ili kupata nguvu.

Onyo: usikubali kutoboa paa ili kuongeza bolti "za usalama". Tundu lenye silikoni huvuja baada ya misimu miwili ya jua letu, na bati jembamba lililobanwa na bolti hupasuka kuzunguka tundu.

Baada ya kukaza, chora mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaovuka kutoka mguuni hadi kwenye mfereji. Mstari huo ndio shahidi wako barabarani.

Utajua umefaulu kwa dalili hizi: ukishika kona ya keria na kuisukuma kwa nguvu, gari zima hutikisika juu ya springi zake, lakini mstari mweupe haukatiki. Milango yote hufunguka bila kukwaruza. Maji ukiyamwaga kwenye mfereji hupita chini ya kila mguu.

Hatua ya 7: Majaribio ya barabarani

Endesha bila mzigo kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani na kurudi, kisha ukague mistari na kukaza upya. Mipira mipya hukaa vizuri baada ya mtikisiko wa kwanza, kwa hiyo kulegea kidogo mara hii si kosa. Safari ya pili iwe na mzigo wa kilo 20 kwenye barabara ya vumbi, na ukague tena.

Usisafiri kwenda Newala kabla ya majaribio haya mawili. Ni kwenye mteremko wa kushuka kutoka uwanda wa juu wa Makonde nilipokanyaga breki ghafla kwa sababu ya mbuzi, na keria yangu ya kwanza ikasogea mbele vidole vinne. Breki kali husukuma mzigo mbele kwa nguvu inayoweza kuzidi nusu ya uzito wake.

Kupakia na kutunza

Weka kizito katikati, baina ya ekseli mbili, na chepesi mwishoni. Funga kwa mikanda ya mizigo au kamba ya katani iliyo nzima, uifunge kwenye fremu ya keria. Mipira ya tyubu hunyumbuka na huuachia mzigo mrefu ukipigwa na upepo, kwa hiyo itumike kushikilia turubai tu. Mzigo unaozidi urefu wa keria ufungwe pia kwenye bampa la mbele na la nyuma. Mzigo ukiwapo juu, ingia kwenye kona taratibu kuliko ulivyozoea, hasa kwa Land Rover, ambayo ni gari refu kwenda juu na jembamba.

Pima kimo kipya cha gari kutoka ardhini na uandike kwenye kipande cha karatasi utakachokibandika mahali dereva anapokiona, kwa kuwa geti la nyumbani ndilo la kwanza kusahaulika.

Kwa wanaoishi karibu na bahari, osha keria na mfereji kwa maji baridi kila wiki mbili. Mara moja kwa mwaka, mwezi Oktoba au mwanzoni mwa Novemba kabla ya mvua kuanza, ifungue yote, badilisha mipira iliyopasuka, sugua kutu iliyojitokeza, paka nta mpya kwenye mfereji, na uweke nati mpya za kujifunga, kwa kuwa plastiki ya ndani ikishafunguliwa mara moja au mbili haishiki tena.